Kutulia na Kutulizwa: Maigizo ya Mnong'ono na Mfano wa Kapata

UTANGULIZI

Ipo aina ya video ambayo mtu akiikuta kwa mara ya kwanza huidhania mzaha. Mwanamke ameketi mbele ya kamera, anazungumza kwa mnong'ono. Anasema kwamba yeye ni msusi na kwamba mtazamaji ni mteja wake wa saa kumi alasiri. Ananyoosha mkono kuelekea kwenye kamera kana kwamba anashika nywele, anachana hewa, anauliza kama kitana kinaumiza, kisha anaendelea bila ya kungoja jibu. Hakuna kisa, hakuna fumbo, hakuna kichekesho. Baada ya nusu saa anaaga, na video inakwisha. Katika video nyingine mhusika ni daktari anayekagua macho na masikio, au fundi cherehani anayepima mabega kwa utepe. Video za namna hii hutazamwa na mamilioni ya watu duniani, na wengi wao huzitazama usiku ili wapate usingizi.

Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini igizo kama hilo hutuliza. Hoja yake ni kwamba kinachotuliza si sauti peke yake, bali ni hali ya kuangaliwa kwa makini na mtu ambaye, kwa muda huo, hadai kitu. Hoja hiyo inaweza kuonekana nyepesi mpaka ipimwe mahali ambapo ishara zilezile za huduma, yaani kupimwa mwili, kukaguliwa na kuulizwa hali, zimewahi kutumiwa kwa makusudi mengine. Mahali hapo ni Kapata, mtaa wa wafanyakazi wa migodi pembezoni mwa mji wa Kolwezi, katika jimbo la Lualaba, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kiswahili kinachosemwa huko nacho kina la kuchangia katika mjadala huu.

JAMBO NA JINA LAKE

Kwa muda mrefu watu waliokuwa wakipata hisia hii hawakuwa na jina la kuiita, na wengi walidhani ni wao peke yao. Mwaka 2010 Mmarekani Jennifer Allen aliipa jina la maneno manne ya Kiingereza ambalo kifupi chake ni ASMR. Maana yake, kwa kukaribia, ni mwitikio wa hisi unaojianzisha wenyewe na kufikia kilele. Allen alichagua kwa makusudi maneno yanayosikika kama ya hospitali, ili watu wasione haya kulitaja jambo hili mbele ya wengine. Ni mbinu inayofahamika kwa yeyote aliyewahi kuketi katika kamati ya istilahi: neno zito humsitiri mwenye jambo linaloweza kuchekwa.

Hisia yenyewe ni mwasho mwepesi unaoanzia utosini, ukashuka kisogoni na kufuata uti wa mgongo, ukiandamana na ulegevu wa mwili mzima. Si kila mtu huupata. Kiswahili kina neno "msisimko", lakini neno hilo hubeba pia baridi, hofu na mapenzi. "Mtekenyo" halifai, kwa kuwa anayetekenywa hucheka na kujikunja, ilhali huyu hulegea na kunyamaza. Labda "msisimko mtulivu" ndilo jina lililo karibu zaidi, ingawa maneno yake mawili yanaonekana kupingana. Kupingana huko ndiko hasa kulikopatikana maabara. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018 na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, mapigo ya moyo ya watu wenye hisia hii yalipungua kwa wastani wa takriban matatu kwa dakika walipotazama video hizo, na wakati huohuo ngozi yao ilionyesha dalili za kuamka. Mwili ulipoa na kusisimka kwa pamoja. Wale wasio na hisia hiyo hawakuonyesha upungufu wa kiasi hicho.

Utafiti wa kwanza wa kisayansi ulitangulia kwa miaka mitatu. Emma Barratt na Nick Davis, wa Chuo Kikuu cha Swansea, waliwahoji watu 475 waliojitokeza wenyewe, na kwa sababu hiyo majibu yao hayaelezi umma wote. Asilimia 98 walisema kwamba hutafuta video hizo ili wapumzike, na asilimia 82 huzitumia ili walale. Ni asilimia 5 tu walizozihusisha na ashiki, na hilo linatosha kujibu shaka ambayo huwajia watu wengi wanapoona mtu mzima akinong'onewa na mgeni. Walipoulizwa ni nini hasa kinachoamsha hisia, asilimia 75 walitaja mnong'ono, asilimia 69 walitaja kuhudumiwa wao binafsi, asilimia 64 sauti kavu za mikwaruzo na michakacho, na asilimia 53 miondoko ya polepole.

Tarakimu ya pili ndiyo inayostahili kuangaliwa zaidi. Mnong'ono na mchakacho ni sauti. Kuhudumiwa si sauti. Ni uhusiano baina ya watu wawili. Wengi wa waliohojiwa walikumbuka kwamba hisia hiyo iliwajia kwa mara ya kwanza utotoni, walipokuwa na umri wa kati ya miaka 5 na 10, kabla hawajajua lolote kuhusu video za namna hii. Hata watu wazima walioishi kabla ya mtandao walikuwa na njia zao. Nchini Marekani, mchoraji Bob Ross alionekana katika televisheni kuanzia mwaka 1983 hadi 1994 akifundisha kupaka rangi kwa sauti ya chini, na baadaye watu wengi walikiri kwamba hawakuwahi kushika brashi. Walikuwa wakimtazama ili wasinzie.

SAUTI INAYODAI UKARIBU

Mnong'ono hutolewa bila ya nyuzi za koo kutetema. Kwa hiyo hauna nguvu ya kusafiri. Anayeusikia waziwazi anajua, bila ya kufikiri, kwamba anayenong'ona yuko karibu naye sana. Watengenezaji wa video hizi huongeza udanganyifu huo kwa kunasa sauti kwa maikrofoni mbili, moja kwa kila sikio, ili anayesikiliza kwa visikilizio ahisi kwamba mnenaji anazunguka kutoka bega la kulia kwenda la kushoto. Katika maisha ya kawaida ni watu wachache wanaoruhusiwa kufika karibu kiasi hicho: mama, mwenzi, mganga, kinyozi, msusi. Mtu mwingine yeyote akikaribia namna hiyo mwili hujihami. Video humleta mgeni hadi mahali pa mama, huku kidole cha mtazamaji kikiwa tayari kumfukuza kwa mguso mmoja. Ukaribu bila ya hatari ni kitu adimu, na hapana shaka ni sehemu kubwa ya siri yake.

Hapa pana jambo la kiisimu ambalo halijazungumzwa vya kutosha. Kwa kuwa mnong'ono hauna mtetemo wa koo, hauna kidatu cha kupanda na kushuka, na lugha yenye toni hupoteza sehemu kubwa ya alama zake pindi inaponong'onwa. Kiluba, Kibemba, Kisanga na Kilunda, ambazo ni lugha za jadi za eneo la Shaba, zote zina toni. Kiswahili hakina, kinategemea mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho. Mama wa Kolwezi anayemnong'oneza mtoto kwa Kiswahili hapotezi maana yoyote ya msamiati. Jambo hili halitoshi kueleza ni lini mtu huchagua lugha gani, lakini linafaa kukumbukwa na watakaochunguza matumizi ya lugha usiku, nyumbani, taa zikiwa zimezimwa.

Kuhusu mkono unaonyooshwa kuelekea kwenye kamera, elimu ya neva imetoa mwanga. Katika ngozi yenye vinyweleo kuna nyuzi za neva zinazoitikia hasa mguso mwepesi unaokwenda kwa mwendo wa kati ya sentimita 1 na 10 kwa sekunde, yaani mwendo wa kupapasa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba kadiri nyuzi hizo zinavyoamka, ndivyo mtu anavyouona mguso kuwa mzuri. Video haigusi ngozi. Hata hivyo, majaribio yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba mtu anapomtazama mwenzake akipapaswa kwa mwendo huohuo, sehemu ya ubongo inayopokea mpapaso huitikia pia. Jicho linapokea kwa niaba ya ngozi. Uchunguzi mwingine wa ubongo, wa mwaka 2018, uliofanywa Marekani kwa watu 10 tu, ulikuta kwamba wakati wa msisimko ziliamka sehemu zinazohusika na thawabu na zile zinazohusika na urafiki. Idadi hiyo ni ndogo mno kuweza kujengewa jumba, lakini inaelekea upande uleule.

Nyani na kima wengi hutumia muda mrefu wa siku wakichambuana manyoya. Mwingereza Robin Dunbar, katika kitabu chake cha mwaka 1996, alidai kwamba mazungumzo ya wanadamu yalichukua nafasi ya uchambuaji huo makundi yalipokuwa makubwa mno. Nadharia yake ina wapinzani. Lakini yeyote aliyekaa karibu na mwanamke anayesukwa, kichwa kikiwa kimelala juu ya paja la msusi na maneno yakidondoka moja moja, atakiri kwamba katika ususi mambo hayo mawili bado yanafanyika kwa pamoja.

KUTULIA NA KUTULIZWA

Mtu akiamrishwa "Tulia!" hatulii. Neno hilo katika umbo la amri ni la mwalimu mwenye fimbo. Kiswahili kinalo umbo la pili, tuliza, na pamoja nalo liko kundi zima la vitenzi vya kusababisha: kulaza, kupumzisha, kustarehesha, kunyamazisha. Yako pia kubembeleza na kuliwaza, ambayo hayahitaji kiambishi kwa kuwa yamezaliwa yakiwa na watu wawili ndani yake. Hakuna anayejibembeleza ila kwa utani. Fasihi ya kisasa ya afya humshauri mtu ajitulize: apumue, ahesabu, afumbe macho. Msamiati wa Kiswahili unaelekea kwingine. Kwa kadiri unavyoonyesha, mtu mwenye dhiki hutulizwa na mwingine.

Neno "pole" nalo ni ushahidi. Mzizi wake umezaa upole, polepole na pole ya salamu. Upole ni tabia, polepole ni mwendo, na pole ni neno la kumwambia aliyechoka, aliyejikwaa, aliyefiwa au aliyetoka kazini, bila ya msemaji kukiri kosa lolote. Sauti ya chini, mwendo wa taratibu na kuiona taabu ya mwenzako vimefungwa katika mzizi mmoja. Hivyo vitatu ndivyo vinavyofanya video ya mnong'ono iwe kama ilivyo.

Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa na taasisi kamili ya jambo hili. Somo au kungwi aliyemwandaa bi harusi alimsinga mwili kwa singo, mchanganyiko wa viungo vya kunukia, huku akimpa mafunzo ambayo hayakukusudiwa kusikika nje ya chumba. Singo huondoa uchafu wa ngozi. Lakini bi harusi angeweza kujisugua mwenyewe. Kilichohitajika kilikuwa mkono wa mtu mwingine, na saa nzima ya mtu huyo.

Anayesikiliza video za Kiingereza kwa makini ataona kwamba wanenaji wake hupunguza kila kitu: wataangalia kidogo tu, watagusa kidogo tu, itachukua dakika ndogo. Kupunguza huko huondoa vitisho. Kiswahili sanifu hufanya hivyo kwa "kidogo", "tu" na "hebu". Kiswahili cha eneo la Shaba kina chombo kingine: viambishi ka- na tu-, vilivyotoka katika lugha za jirani, ambavyo huwekwa mbele ya nomino ili kuonyesha udogo na, kwa toni inayofaa, mapenzi: katoto, tutoto, kanyumba. Kiambishi ki- cha udogo katika Kiswahili sanifu mara nyingi hudharau. Kijitu si neno la kumwita unayempenda. Ka- inaweza kudharau pia, lakini inaweza kukumbatia. Kwamba chombo cha kukumbatia kinaweza kutumiwa vinginevyo, historia imeonyesha: katika vita vya 1996 na 1997 watoto waliobebeshwa bunduki waliitwa kadogo.

IGIZO LENYE MHUSIKA ASIYESEMA

Je, mtazamaji hajui kwamba anaigiziwa? Anajua. Swali ni kwa nini kujua hakuharibu.

Eneo la Shaba lina historia ndefu ya maigizo kwa Kiswahili. Kundi la Mufwankolo la Lubumbashi lilipata umaarufu kwa michezo iliyobuniwa jukwaani, redioni na katika televisheni, na mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyefuatilia mazoezi yake mwaka 1986, alichapisha kitabu juu yake mwaka 1990. Michezo hiyo ni ya watu wengi na ya sauti kubwa. Hadhira huwatazama wahusika wakidanganyana, hucheka na hujitambua. Igizo la mnong'ono limepinduliwa. Lina mhusika mmoja anayeonekana, na wa pili, mteja au mgonjwa, ni mtazamaji mwenyewe. Amepewa nafasi bila ya maneno ya kusema. Kazi yake ni kukaa tu.

Nafasi hiyo ina raha yake. Katika maisha, anayehudumiwa hutakiwa kurudisha: kulipa, kushukuru, kumsikiliza msusi akieleza ugomvi wake na mawifi, kuonyesha kwamba ameridhika. Hapa hakuna deni. Pia hakuna jambo lisilotarajiwa. Kila mtu anajua hatua za ususi na za kupima nguo: kwanza hili, kisha lile. Akili haihitaji kukisia kinachofuata, na akili isiyokisia hupumzika. Ndiyo maana maigizo yanayofaa zaidi ni yale ya kazi zenye utaratibu uliozoeleka, na ndiyo maana msanii mwenye ubunifu mwingi mno huharibu. Uchoshi hapa ni sifa. Mwili, kwa upande wake, huitikia umbo la tendo hata kama akili inajua kwamba ni kivuli, kama vile machozi yanavyotoka mbele ya tamthilia.

KAPATA

Katika video hizi, igizo la daktari ni miongoni mwa yale yanayopendwa sana: taa huangazwa machoni, mtazamaji huambiwa afuate kidole, vipimo huandikwa kwenye karatasi, na mwisho huambiwa kwamba yu mzima. Kama ishara zenyewe ndizo zinazotuliza, basi kupimwa kungepaswa kutuliza kila mahali. Kolwezi inaonyesha kwamba sivyo.

Mji huo ulianzishwa mwaka 1937 kwa ajili ya migodi ya Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoundwa mwaka 1906. Waliotafutwa kwa kazi walipimwa uzito, wakakaguliwa miili, wakaandikwa. Aliyewapima hakutaka kujua kama wana raha; alitaka kujua kama wataweza kubeba. Ishara ni zilezile za video: mkono kifuani, jicho linalotazama kwa makini, kalamu inayoandika. Kilichokosekana ni lile sharti la kutodai.

Lakini kisa hakiishii hapo. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilibadili siasa yake, ikataka wafanyakazi wakae na familia zao. Ikajenga nyumba, hospitali, zahanati za wazazi na shule, na watoto wachanga wakapimwa uzito kila mara kwa faida ya kampuni na kwa faida yao pia. Baada ya kutaifishwa mwaka 1967, kampuni ya taifa, ambayo baadaye iliitwa Gécamines, iliendeleza utaratibu huo, na mitaa kama Kapata ni matunda yake. Mfanyakazi alipewa nyumba, unga, matibabu na masomo ya watoto. Huduma hiyo ilikuwa na masharti, lakini ilikuwa huduma. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu alipochapisha mwaka 2001 kitabu juu ya familia za wafanyakazi hao, alikiita kwa jina lenye maana ya "Bana Shaba walioachwa na baba yao".

Kuachwa huko kuna tarehe. Mwezi Septemba 1990 mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto, karibu na Kolwezi, uliporomoka. Uzalishaji wa shaba wa Gécamines, uliozidi tani 470,000 mwaka 1986, haukufikia tani 50,000 mwaka 1994. Mwaka 2003, kwa mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi 10,655 walipunguzwa kwa utaratibu ulioitwa kuondoka kwa hiari. Nyumba zilibaki. Aliyekuwa akiuliza hali hakuwepo tena. Katika miaka iliyofuata watu wengi wa mitaa hiyo, wakiwamo watoto, waliingia katika uchimbaji wa mikono wa kobalti, kazi isiyo na daktari wala msimamizi wa kumwambia mtu pole.

Si kwamba watu wa Kolwezi walingoja kampuni iwatulize. Mwaka 1953 padre Mfransisko Placide Tempels, Mbelgiji aliyejulikana kwa kitabu chake cha mwaka 1945 juu ya falsafa ya Kibantu, alifika katika kambi za migodi za Kolwezi. Mazungumzo yake na wafanyakazi na wake zao ndiyo yaliyozaa Jamaa, chama cha kidini ambacho Fabian alikiandikia kitabu mwaka 1971. Msingi wake ulikuwa kukutana: mume na mke walipokewa na mume na mke wengine, wakafundishwa kwa Kiswahili, taratibu, juu ya uzima, uzazi na mapendo. Ulikuwa mkutano wa watu wachache katika mazingira ambamo kila mfanyakazi alikuwa namba. Wanatheolojia wamejadili sana kama mafundisho hayo yalikuwa sahihi. Kwa makusudi ya makala haya linatosha jambo moja: kwamba chama kilichojengwa juu ya kusikilizwa mmoja mmoja kilianzia kambini, miongoni mwa watu waliokuwa wakipimwa kila siku.

Kwa hiyo mfano wa Kolwezi unaithibitisha hoja kwa kuibana. Kuangaliwa hutuliza pale tu anayeangaliwa anapoamini kwamba hatumiki. Na hapo ndipo video yenyewe inapokuwa na mashaka. Anayenong'ona hulipwa kwa matangazo na kwa idadi ya watazamaji. Kutodai kwake ni sehemu ya igizo. Tofauti yake na mpimaji wa kampuni ni kwamba anachodai ni kidogo, na kwamba mtazamaji anaweza kuondoka. Hiyo si tofauti ndogo, lakini haitoshi kuifanya video iwe mama. Hainyanyuki usiku mtoto akikohoa. Tena haifai kuchukuliwa kuwa tiba: tafiti zilizopo zinazungumzia nafuu ya muda, na kuna watu ambao sauti za midomo huwaudhi kupita kiasi badala ya kuwatuliza.

Kuna mzunguko mwingine unaounganisha Kapata na minong'ono hiyo. Betri za simu nyingi huhitaji kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo, kwa sehemu kubwa katika ukanda wa Kolwezi. Mtu wa Seoul au Toronto anayelala huku akichanwa nywele na kivuli, ameshika mkononi madini ambayo huenda yalitoka karibu na nyumba ambayo mbele yake, jioni, mwanamke anamsuka binti yake kwa mikono yote miwili.

KISWAHILI KIPI?

Video nyingi za aina hii hutengenezwa kwa Kiingereza, Kikorea, Kijapani na Kirusi. Endapo zitatengenezwa kwa ajili ya wasemaji wa Kiswahili, wanafunzi wa lugha watakabiliwa na swali ambalo wengine hawataliona. Kiswahili cha eneo la Shaba kina ngazi zake. Vincent de Rooij, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1996, alionyesha jinsi wasemaji wanavyohama kati ya Kiswahili chao cha kila siku, chenye bantu badala ya watu, bintu badala ya vitu na maneno mengi ya Kifaransa, na kile wanachokiita Kiswahili bora. Hicho cha pili ni cha kanisa, cha shule na cha hotuba. Hukikubali kuwa kizuri, na hukiheshimu.

Heshima hiyo ndiyo shida. Kama hoja iliyotolewa juu ni sahihi, sauti inayotuliza ni ile ambayo mtu alihudumiwa nayo kwanza, akiwa mdogo, kabla hajajua kwamba lugha ina ngazi. Kwa mtoto wa Kapata sauti hiyo haikusema "kitoto", ilisema "katoto". Haikufuata upatanisho wa ngeli za vitabuni, na huenda nusu ya majina ya vitu vya urembo yalikuwa ya Kifaransa. Igizo la msusi likiandikwa kwa Kiswahili sanifu, kwa nia njema kabisa ya kufika kila mahali kuanzia Lamu hadi Kolwezi, litaeleweka vizuri. Lakini msikilizaji wa Kapata atamsikia katekista au mtangazaji wa taarifa ya habari akimnong'onea sikioni, naye, kwa adabu aliyofundishwa, ataketi wima ili asikilize.